Kibarua cha sauti: Orson Welles mbele ya maikrofoni

Wapenzi wa sinema wakikaa kumzungumza Orson Welles, mwigizaji na mwongozaji wa filamu Mmarekani, hadithi huwa moja na huishia pale pale. Kijana wa miaka 25 anatengeneza Citizen Kane, inayotoka mwaka 1941. Kila baada ya miaka kumi jarida la Uingereza la Sight and Sound huwapigisha kura wahakiki wa dunia, na kuanzia 1962 hadi 2002 filamu hiyo haikushuka kutoka nafasi ya kwanza. Halafu studio zinamgeuka, fedha zinakauka, na mzee anamalizia maisha akisoma maandishi ya wengine kwenye filamu za wengine: Waviking, magofu ya Mexico, utabiri wa Nostradamus, mpaka tangazo la njegere zilizogandishwa. Tarehe 5 Oktoba 1985 aliingia studio kurekodi sauti ya sayari inayomeza sayari nyingine katika filamu ya katuni ya Transformers. Siku tano baadaye alifariki, akiwa na miaka 70. Hapo anayesimulia hutikisa kichwa na kusema: maskini, kipaji chote kile.

Nami nilikuwa nikitikisa kichwa hivyo hivyo. Niliacha nilipoanza kuzisikiliza kazi zenyewe badala ya kusoma walioandika juu yake, nikagundua kwamba mashtaka mawili tofauti yamefungwa katika furushi moja. La kwanza linasema usimulizi ulimla Welles, ukamnyang'anya muda na heshima ambavyo vingekwenda kwenye filamu zake. La pili linasema aliikodisha sauti yake kwa mambo asiyoyaamini, na watu wakayaamini kwa sababu ni yeye aliyeyatamka. Shtaka la kwanza ndilo la kila siku, na ni dhaifu. La pili husikika kwa nadra, na lina uzito.

Wanaomhurumia husahau kwamba sauti ilitangulia kamera. Kabla Hollywood haijamjua, Welles alikuwa mtu wa redio New York. Mwaka 1937 ndiye aliyekuwa shujaa wa mchezo wa redio The Shadow, na alikuwa miongoni mwa waigizaji wa The March of Time, kipindi kilichoigiza habari za wiki kana kwamba msikilizaji yupo pale zinapotokea. Kazi zilimwandama hata, kwa maneno yake mwenyewe, akawa anakodi gari la wagonjwa ili awahi kutoka studio moja hadi nyingine bila kukwama barabarani. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1938 yeye na kikundi chake cha Mercury waliigiza redioni, kwa mtindo wa taarifa ya habari, uvamizi wa viumbe kutoka Mars, na kesho yake magazeti yakaandika, kwa chumvi nyingi, kwamba Marekani nzima ilikimbia. Mkataba aliopewa na studio ya RKO mwaka 1939, wenye uhuru ambao waongozaji wakongwe hawakuwa nao, ulitokana na jukwaa na redio. Maikrofoni ilisaidia kumnunulia kamera. Basi anayesema kwamba kurudi kwenye maikrofoni kulikuwa kuporomoka, anasahau kwamba mtu huyu alikuwa anarudi kwao.

Tena hakuiacha nyumbani sauti hiyo alipokwenda kwenye filamu. Katika The Magnificent Ambersons ya 1942 Welles haonekani hata mara moja, yumo masikioni tu. Anaufungua mji wa Marekani wa zama za magari ya farasi kwa kutueleza kuhusu tramu iliyokuwa ikisimama na kumsubiri mama aliyepiga mluzi kutoka dirisha la ghorofani: afunge dirisha, avae kofia na koti, ashuke ngazi, atafute mwavuli, amwagize mtumishi mapishi ya usiku, ndipo atoke. Tunaiona tramu ikingoja kweli, na abiria wakingoja nayo. Sauti haielezi picha, maana picha tunaiona wenyewe. Inatupa mwendo wa zama zile, ule utulivu wa watu wasio na haraka, ili baadaye motokaa zikiingia tujue ni nini kimepotea. Na filamu inapoisha, maandishi ya majina hayapandi kwenye skrini kama kawaida. Welles anayasoma mwenyewe, mmoja mmoja, hadi anapofika kwake. Tunaona maikrofoni tu imening'inia kwenye mkono wake mrefu. Sauti inasema kwamba ndiye aliyeandika na kuongoza, inataja jina, kisha maikrofoni inapaa na kupotelea gizani.

Hicho ndicho kitambulisho alichojichagulia. Angeweza kuonyesha uso wake, uliokuwa wa kupendeza wakati ule, au kiti cha mwongozaji. Alionyesha maikrofoni. Wakati huo alikuwa na miaka 26, hajashindwa na lolote. (Kushindwa kulikuja miezi michache baadaye, alipokuwa Brazil, pale RKO walipokata zaidi ya dakika 40 za filamu hiyo na kupachika mwisho wa furaha.)

Sasa kuna ile hesabu. Wanaosema usimulizi ulimla huja na namba, na namba yenyewe huonekana kama hukumu: ukihesabu kwa ukarimu, ukaziingiza na alizofanyia televisheni, Welles alikamilisha filamu kama 13 kutoka 1941 hadi alipofariki 1985. Filamu 13 kwa miaka 44. Upande wa pili wa mizani unawekewa rundo la filamu alizosomea. Mtu akiona vile anasema, tazama muda ulikokwenda.

Namba hiyo imenikaa kichwani kwa miaka, na kadiri ninavyoigeuza ndivyo inavyokataa kusema wanachotaka iseme. Stanley Kubrick alitengeneza filamu ndefu 13, ya kwanza 1953 na ya mwisho 1999. Miaka 46. Robert Bresson wa Ufaransa alitengeneza ndefu 13 pia, kuanzia 1943 hadi 1983. Miaka 40. Sijapata kumsikia mtu akisema maskini Kubrick, wala maskini Bresson. Kwao hao, filamu 13 ni dalili ya umakini, ya msanii asiyekurupuka. Kwa Welles filamu 13 zile zile ni dalili ya maisha yaliyopotezwa. Tofauti haimo kwenye hesabu. Kubrick aliachiwa kumaliza kazi zake karibu zote kama alivyotaka, na Welles hakuachiwa. Lakini aliyezikata filamu zake ni nani? Ambersons ilikatwa na studio. Touch of Evil ya 1958 ilihaririwa nyuma ya mgongo wake, naye akaandika waraka wa kurasa 58 kuomba marekebisho. Ulikuja kufuatwa mwaka 1998, miaka 13 baada ya kifo chake. Hakuna dakika hata moja ya filamu zake iliyopotea kwa sababu siku hiyo alikuwa ameenda kusoma habari za Waviking.

Na ukiziangalia hizo 13 zenyewe, karibu nusu zimebebwa na sauti yake ya msimulizi: Ambersons, The Lady from Shanghai, Othello, The Trial, F for Fake, Filming Othello. Kwa hiyo ile mizani yenye usimulizi upande mmoja na filamu upande wa pili ina kasoro tangu mwanzo, kwa kuwa kitu kile kile kimewekwa pande zote mbili.

Halafu kuna suala la mkate. Welles alipokosa studio aliamua kujilipia filamu zake mwenyewe. Othello, iliyoshinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1952, aliipiga kwa vipande Morocco na Italia kwa takriban miaka mitatu: fedha zikiisha anawaaga wenzake, anakwenda kuigiza filamu ya mtu mwingine, analipwa, anarudi, anawakusanya tena. Kuna tukio la mauaji ndani ya hamamu ambalo watu hulisifu kwa ubunifu. Lilizaliwa kwa sababu mavazi hayakuwa yamefika, na mtu aliye bafuni hahitaji joho. Ndivyo alivyoishi tangu hapo. Mwaka 1975, Taasisi ya Filamu ya Marekani ilipompa tuzo ya heshima ya maisha, alisimama mbele ya matajiri wa Hollywood akawaambia waziwazi kwamba kazi zake anazigharimia kwa kazi zake nyingine, akawaonyesha vipande vya The Other Side of the Wind akitumaini mmoja wao atatoa fedha za kuimalizia. Walimpigia makofi wamesimama. Fedha hazikutoka.

Kama lazima mtu afanye kibarua ili ajenge nyumba yake, basi swali la busara ni kibarua kipi kinakula muda kidogo. Kuigiza kulimpeleka nchi ya mbali kwa wiki na miezi. Kusimulia kulikuwa kazi ya asubuhi moja. Mel Brooks amesimulia mara nyingi jinsi alivyomlipa Welles kwa siku tano ili asomee filamu yake ya vichekesho ya 1981, na Welles akamaliza yote kabla ya mchana wa siku ya kwanza. Watu husimulia kisa hicho kuonyesha kwamba mzee alikuwa analipua kazi tu, hahangaiki tena. Mimi nakisikia tofauti. Fundi aliyeshika kazi kwa miaka 45 anamaliza asubuhi kile ambacho wengine wangekifanya kwa wiki, na siku nne zinazobaki ni zake, arudi kwenye meza ya kuhariria.

Nije kwenye njegere, kwa kuwa hapo ndipo dharau inapofikia kilele. Mwaka 1970 Welles alikuwa studio London akirekodi matangazo ya vyakula vilivyogandishwa vya Findus. Mtu aliuhifadhi mkanda wa mazoezi, ukapita mkono kwa mkono baina ya mafundi mitambo, na leo yeyote anaweza kuusikiliza. Welles anasikika akigombana na waongozaji wa tangazo, anazidi kukasirika, mwisho anaondoka. Watu hucheka: mtu aliyetengeneza Citizen Kane anagombania njegere.

Lakini sikiliza anachogombania. Maandishi yanasema kuna shamba la mbali Lincolnshire anakoishi Bibi Buckley, na kila Julai njegere humea huko. Picha iliyo mbele yake inaonyesha shamba limefunikwa na theluji. Welles anataka neno Julai litamkwe wakati theluji bado iko kwenye skrini, na anawauliza kama raha yenyewe ya tangazo haiko hapo. Wao wanataka maneno yaende na picha nyingine. Yeye anasikia kwamba sauti ikisema kiangazi huku jicho likiona baridi, mtazamaji atashtuka kidogo na atasikiliza. Ni wazo la mhariri wa filamu, la mtu anayejua kwamba sauti na picha zikisema jambo moja mmoja wao hana kazi. Kisha wanamwomba akaze kale kaneno kadogo kanakotangulia Julai, jambo ambalo hakuna Mwingereza anayelifanya akiongea lugha yake, na hapo uvumilivu unamwisha. Nimeusikiliza mkanda huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kueleza. Sioni mtu aliyeporomoka. Naona mtu ambaye hata kwenye tangazo la sekunde chache hakuweza kuzima akili yake ya uongozaji, akiwa na watu ambao walinunua koo tu.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tulipaswa kulielewa hili haraka kuliko wengine. Dar es Salaam watu walikuwa wanauliza kwanza mkanda umetafsiriwa na nani, na wakisikia Lufufu wanalipa kiingilio. Kenya wanaijua sauti ya DJ Afro kabla ya kumjua mwigizaji aliye kwenye jalada. Hatukuwahi kumwona msimulizi kama mtu aliyeshindwa kuwa kitu kingine. Alikuwa ndiye mwenye filamu, kwa saa mbili zile.

Hata hivyo, upande wa pili una haki ya kusikilizwa.

Mwaka 1937 Mholanzi Joris Ivens alitengeneza The Spanish Earth, filamu ya makala kuhusu wakulima na askari wa Jamhuri ya Hispania vitani. Maneno yaliandikwa na Ernest Hemingway, na Welles, akiwa na miaka 22, aliyasoma. Usomaji wake ukawekwa kando, kwa kuwa wahusika waliona sauti ni nzuri mno kwa watu wanaochimba mfereji huku mabomu yakianguka. Hemingway akasoma mwenyewe, kwa sauti kavu isiyo na mafunzo. Nimezisikia zote mbili, na nasema bila kusita kwamba walifanya sawa. Sauti ya Welles inaifunika ardhi ile kwa hariri. Tangu mwanzo kabisa, basi, kulikuwa na waliohisi hatari: uzuri wa sauti unaweza kumfanya msikilizaji aridhike kabla hajaelewa.

Miongo minne baadaye hatari hiyo haikuwa ya ladha tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Welles alisimulia The Late Great Planet Earth, iliyotokana na kitabu cha Hal Lindsey kilichounganisha unabii wa Biblia na siasa za Vita Baridi. Mwaka 1981 ikaja The Man Who Saw Tomorrow, kuhusu Nostradamus. Humo anatutazama usoni na kutueleza kwamba mtawala wa Mashariki ya Kati aliyevaa kilemba cha buluu atarusha makombora na kuiteketeza New York. Mwenyewe baadaye hakuficha kwamba hauamini utabiri ule. Lakini kutoamini kwake hakukuwa kwenye mkanda. Kwenye mkanda kulikuwa na sauti nzito, yenye utulivu, iliyokuwa imeshasoma Biblia, Shakespeare na historia ya Churchill, na sasa ilikuwa inamwambia Mmarekani aliyekaa sebuleni kwake amwogope mtu mwenye kilemba. Watu wangapi wa pwani yetu, wa Muscat, wa Zanzibar, wana baba au babu mwenye kilemba?

Wanaomtetea kwa kila kitu husema msomaji ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Mimi namtetea kwa mengi, ila hapo nasimama. Mjumbe wa methali ametumwa hana hiari, na anayepokea ujumbe anajua umetoka kwa mwingine. Welles hakuajiriwa kwa sababu anajua kusoma. Aliajiriwa kwa sababu akisema jambo linakuwa kama limeshathibitishwa. Waliomlipa walikuwa wananunua ule uthibitisho, naye alijua wananunua nini.

Kuna kazi moja inayoniuma zaidi, na haitajwi sana. Filamu ya kwanza kabisa ambayo Welles alitaka kuitengeneza RKO mwaka 1939, kabla ya Kane, ilikuwa Heart of Darkness, riwaya ya Joseph Conrad kuhusu nahodha anayepanda mto Kongo enzi za mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mpango wake ulikuwa wa ajabu: kamera iwe macho ya nahodha, hatumwoni, tunasikia sauti yake tu, na sauti hiyo iwe ya Welles. Gharama zilipita dola milioni 1, vita vilikuwa vimeanza Ulaya, studio ikakataa. Karibu miaka 20 baadaye sauti yake ilifika Kongo kwa njia nyingine. Mwaka 1958 ilitoka Les Seigneurs de la forêt, filamu ya makala iliyotengenezwa chini ya taasisi ya kisayansi ya Leopold III, mfalme aliyekuwa amejiuzulu, mjukuu wa ndugu wa Leopold II. Toleo la Kiingereza lilisomwa na Welles pamoja na mwimbaji Mmarekani mweusi William Warfield. Ni filamu ya msitu, wanyama, masokwe, na mila za watu wa huko, imepigwa kwa uzuri unaokukata pumzi. Kongo ya migodi, na Kongo ya watu ambao tayari walikuwa wanadai nchi yao, siyo habari yake. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Mtu aliyetaka kuanza maisha yake ya filamu kwa kuonyesha ukoloni ulivyomgeuza mtu kuwa mnyama, aliishia kuusimulia msitu ule ule kwa niaba ya ukoo ule ule, na katika masimulizi hayo mkoloni hayumo.

Sitaki kulipunguza hilo. Lakini nataka kuliweka karibu na mengine yaliyotoka koo lile lile. Sentinels of Silence, filamu fupi ya 1971 inayopita juu ya miji ya kale ya Mexico, ilipata Oscar 2 usiku mmoja, na humo Welles anajua kunyamaza: kamera inaizunguka piramidi, naye anaiacha. Mwaka 1982 Genocide, kuhusu mauaji ya Wayahudi wa Ulaya, aliyoisoma pamoja na Elizabeth Taylor, ilipata Oscar ya filamu bora ya makala. King of Kings ya 1961 ina maneno yaliyoandikwa na Ray Bradbury na kusomwa na Welles, na hakuna jina la yeyote kati yao kwenye skrini. Ukizichukua kwa pamoja, huoni mtu anayechagua. Unaona mtu anayepokea simu. Alikuwa na ufundi ule ule kwa lililo kweli na kwa lililo uzushi, na hapo ndipo lawama inapostahili kuwekwa, siyo kwenye muda aliopoteza.

Kwa sababu muda haukupotea. Miaka yote ile ya kusoma juu ya picha za wengine ilimfundisha aina ya filamu ambayo karibu hakuna aliyekuwa anaitengeneza. Mwaka 1973 alichukua vipande ambavyo Mfaransa François Reichenbach alikuwa amepiga kuhusu Elmyr de Hory, mtu aliyeghushi michoro ya mabingwa na kuiuza kwa majumba ya sanaa, akavipachika picha zake, akaketi kwenye meza ya kuhariria mbele ya kamera, akaanza kusema. F for Fake ni usimulizi mwanzo hadi mwisho. Inaruka kutoka kwa mghushi hadi kwa mwandishi wa wasifu wake, ambaye naye alighushi wasifu mwingine, hadi kwa Welles mwenyewe anayetuahidi ukweli kwa saa moja na kutudanganya saa hiyo ikishapita. Ndani yake kuna dakika chache juu ya kanisa la Chartres, lililojengwa na watu ambao hakuna anayeyajua majina yao, ambapo sauti inashuka karibu na mnong'ono. Huwezi kufika pale kama hujatumia nusu ya maisha ukijifunza sauti inafanya nini juu ya jiwe. Leo kila mtu anayetengeneza filamu ya makala yenye nafsi yake ndani, akizungumza na mtazamaji huku picha zikienda njia nyingine, anapita kwenye njia ile.

Lililo gumu kwa anayemtetea Welles ni kwamba hakuweza kudai hakujua. Citizen Kane inaanza na kifo, halafu ghafla inaingia filamu ya habari ya kuigiza, yenye msimulizi mwenye sauti kubwa kama tarumbeta. Anajua kila kitu kuhusu Charles Foster Kane: utajiri, ndoa, jumba, tarehe. Mkanda unaisha, taa za chumba zinawaka, na waandishi wenyewe wanakiri kwamba bado hawajui mtu huyo alikuwa nani. Akiwa na miaka 25 Welles alikuwa ameshatuonyesha kwamba sauti yenye mamlaka inaweza kukusanya taarifa zote na isiukaribie ukweli. Alikuwa ametoka kwenye kazi hiyo mwenyewe, kule The March of Time.

Na kuna Chimes at Midnight, aliyoipiga Hispania kati ya 1964 na 1965, ambayo mwenyewe aliipenda kuliko zote. Welles ni Falstaff, mhusika wa Shakespeare, mzee mnene, mlevi, mwongo, anayempenda mwana wa mfalme kama mwanawe. Filamu ina msimulizi, na msimulizi si Welles. Sauti ambayo kila mtayarishaji wa Hollywood na Ulaya alikuwa anaitaka aliinyima filamu yake mwenyewe, akampa kazi hiyo Ralph Richardson asome vipande vya kumbukumbu za kale za wafalme wa Uingereza zilizoandikwa na Holinshed. Mwana wa mfalme anatawazwa, anamkana Falstaff mbele ya watu, na Falstaff anakufa kwa uchungu. Jeneza ni kubwa mno kubebwa mabegani, kwa hiyo linasukumwa kwa magurudumu nje ya nyumba ya wageni, kuvuka uwanja mtupu. Na juu ya jeneza hilo likienda, Richardson anasoma kwa upole, bila kukaza neno lolote, jinsi mfalme mpya alivyokuwa mwema.